Siku ya mkalimani wa waliotoka gerezani, Kasulu

Saa 11 alfajiri. Nabandika chai, napasha mihogo ya jana, naamsha watoto. Mimi Muha wa hapahapa Kasulu; Kirundi nakisikia bila shida, ndiyo maana ofisi moja ya msaada wa kisheria ikanipa kazi.

Saa 1:30. Gari la Makere limejaa hadi mlangoni. Nimepakata dumu la mawese la mtu nisiyemjua. Tuendelee.

Saa 3. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Leo ni baba mmoja Mrundi. Jina lake libaki kwake. Alikamatwa baada ya maandamano ya 2015 ya kupinga Rais Pierre Nkurunziza kugombea muhula wa tatu. Kwanza mikononi mwa idara ya ujasusi, kisha Mpimba, gereza la Bujumbura lililojengwa kwa watu 800 na kujazwa mara kadhaa ya hapo.

Kipigo alikipitia haraka, kama anasoma bei za sokoni: nyaya, magoti, usingizi aliokuwa ananyimwa. Alipokwama ni kwenye chakula. Posho ya siku ilikuwa maharage na unga wa muhogo, kama gramu 350 kila kimoja. Vingine vyote vilikuwa juu ya familia. Mkewe alikuwa analeta kikapu, mpaka siku askari wa langoni alipoandika jina lake daftarini na kumuuliza anakaa mtaa gani, mumewe ni wa chama gani.

"Hakunitupa, mwanangu. Mimi ndiye niliyemtumia salamu asije tena."

Akataka nimrudie wakili maneno hayo, yasije yakaandikwa kinyume.

Saa 7. Ugali na dagaa. Haukupanda.

Saa 8. Tarehe! Wakili anataka tarehe, baba anakumbuka mvua. Tunahesabu kwa misimu ya maharage. Si ukaidi wa wakili: Tume ya Uchunguzi ya Umoja wa Mataifa iliyoundwa 2016 ilinyimwa ruhusa ya kuingia Burundi, ikategemea sana simulizi za waliokimbia. Maelezo yenye tarehe zinazopishana hupata wa kuyakana upesi.

Saa 9. Ubishi. Wakili ni kijana mzuri, ila jicho lake liko kwenye makovu tu. Alitaka habari ya kikapu iwe mstari mmoja mwishoni. Nikamfungulia Kanuni za Mandela za 2015, zile za Umoja wa Mataifa kuhusu kuwatendea wafungwa, ya 43: ni marufuku kumwadhibu mfungwa kwa kumpunguzia chakula au kumkataza asiwasiliane na familia.

"Lakini dada, hakuna aliyemkataza mke."

"Na lile daftari lilikuwa la nini?"

Akakuna kichwa, akaipandisha aya ukurasa wa kwanza.

Saa 10. Namsomea baba maelezo yote kwa Kirundi. Anasahihisha jambo moja: kikapuni hamkuwa na viazi, mlikuwa na ndizi. Tunafuta, anatia dole gumba.

Kesho ni zamu ya mkewe. Nasikia yeye tarehe anazo zote.