Omena Haiingii Ndooni

Kuku wangu husikia kifuniko cha ndoo ninayochachushia chakula chao kabla hawajasikia sauti yangu. Nikikigusa tu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wote 22 wanajaa mlangoni pa banda wakikanyagana. Ni kuku wa kienyeji walioboreshwa, na banda lao liko nyuma ya nyumba yetu hapa Mamboleo, Kisumu, kwenye ploti ya futi 50 kwa 100. Kivuli chao ni mwembe wa jirani.

Kuchachusha chakula nilianzia Nakuru, tulipokuwa tukiishi Lanet. Kuku 20 wanaotaga hulimaliza gunia la kilo 70 kwa muda wa mwezi hivi, na kuna mwezi nilisimama dukani nikaona mayai yote niliyouza hayafikii bei ya gunia lile. Nilirudi nyumbani nimeamua kuwauza. Jioni ile nikiwa nakoroga uji mchachu wa watoto nilijiuliza: kama unga ukichacha unashibisha zaidi na kukaa vizuri tumboni mwa mtoto, kuku naye? Nikaloweka gorogoro moja, lile kopo la kilo mbili hivi, ya chenga za mahindi kwenye ndoo, nikasubiri.

Lanet kuna baridi. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, na usiku ndoo ilikuwa ikipoa kabisa. Ilichukua siku nne kamili kabla ya kuona mapovu na kusikia harufu ya uji. Nikazoea hizo siku nne. Tulipohamia Kisumu nilikuja na hesabu ileile, pamoja na wazo jipya lililonifurahisha sana: sasa niko karibu na ziwa, omena, yaani dagaa, ni rahisi, basi nitie omena humo humo ndooni pamoja na nafaka na chokaa ya mifugo, chakula kitoke kimekamilika.

Siku ya pili jioni niliwapa kidogo. Siku ya tatu asubuhi nilifungua kifuniko nikarudi nyuma. Juu kulikuwa na utando wa kijivu, na harufu yake ilikuwa ya samaki aliyesahaulika juani. Tetea wawili waliharisha siku mbili mfululizo na mmoja wao aliacha kutaga wiki nzima. Nililia, kwa sababu yule ndiye aliyekuwa akinilalia vifaranga vizuri kuliko wote.

Mama mkwe wangu alikuwa amekuja kututembelea kutoka Yala. Alisogea, akainama juu ya ndoo, akanusa mara moja.

“Nyathina, mwanangu, hiki kimeoza. Hakijachacha.”

“Lakini Mama, ni siku ya tatu tu.”

“Unga wa nyuka, huo uji wenu, huwa unauloweka na samaki?”

Swali hilo ndilo lililonifundisha. Nafaka ina wanga na sukari ambazo bakteria wa asidi hupenda. Wakizila, wanatoa asidi, maji yanakuwa makali, na vijidudu vinavyoozesha vinashindwa kuishi humo. Omena ni protini na mifupa, na mifupa yake huimeza asidi kabla haijafikia ukali unaotakiwa. Chokaa niliyoongeza ilikamilisha uharibifu, maana kazi ya chokaa ndiyo hiyo, kuituliza asidi. Niliwafungulia mlango vijidudu vya kuozesha, kisha nikawaondolea mlinzi. Ndiyo maana hata chakula cha kutaga cha dukani huchelewa kuchacha: tayari kina chokaa ndani yake.

Tangu siku hiyo ndooni mwangu huingia nafaka tu. Omena na chokaa vinangoja kwenye kihori.

Nina ndoo tatu za plastiki za lita 20, moja kwa kila siku ya mzunguko. Za bati sizitumii kwa sababu asidi hula ule mpako wa zinki. Kila jioni naweka gorogoro moja ya chenga za mahindi na nusu gorogoro ya mtama mwekundu. Mtama una ukakasi ambao kuku wangu walikuwa wakiukataa ukiwa mkavu, lakini ukichacha wanauokota wa kwanza. Namwaga maji mpaka yapite nafaka kwa vidole viwili. Asubuhi nafaka huwa imevimba na kuyanywa, hivyo naongeza. Maji ya mvua ndiyo bora. Nikitumia ya mfereji nayaacha wazi usiku kucha kwanza ili klorini ipungue, kwa sababu klorini haichagui kijidudu kizuri na kibaya.

Halafu natia kikombe kimoja cha maji ya ndoo iliyotangulia. Hiki kikombe ndicho roho ya kazi yote. Bila hicho ndoo inaanza kutoka sufuri na kwa saa nyingi haina kinga. Ukiwa nacho, uchachu unaingia tangu usiku wa kwanza. Kifuniko nakiegesha tu bila kukibana, hewa itoke, na nakoroga asubuhi na jioni ili nafaka ya juu isikauke ikaota ukungu. Ndoo zinakaa jikoni pembeni, penye kivuli. Zikikaa karibu na mabati ya banda, saa nane mchana zinachemka.

Hapa Kisumu, mita 1,130 hivi juu ya bahari na joto la mchana likikaribia nyuzi 30, siku mbili zinatosha. Siku ya tatu ndiyo mwisho wangu. Nikiifikisha ya nne harufu inageuka kuwa ya busaa, na pombe si chakula cha kuku. Ninayoitaka ni harufu ya uji mchachu au maziwa lala, ile inayofanya mate yajae mdomoni. Utando mweupe laini juu si tatizo, naukoroga ndani. Lakini nikiona manyoya ya ukungu, ya kijani, meusi au ya waridi, namwaga yote shimoni, naosha ndoo na kuianika juani.

Kulisha: nachuja, na maji yanayobaki yanaanzisha ndoo inayofuata. Nafaka iwe na unyevu wa kushikana mkononi, isiwe supu. Nachanganya na mashudu ya alizeti, kisha omena niliyoipepeta, maana omena ya kuku inayouzwa kwa bei nafuu mara nyingi ina mchanga. Chokaa ya mifugo iko kwenye kopo lake, kila tetea ajichukulie. Nawapa kiasi cha kuisha kwa nusu saa, asubuhi na jioni. Kinachobaki nakiondoa kabla ya nzi kufika.

Nilichoona kwanza ni kinyesi. Kilikuwa kigumu zaidi, na banda likaacha kunuka hata msimu wa mvua ndefu. Maji wanakunywa kidogo kwa sababu chakula kina maji. Maganda ya mayai yameimarika pia. Katika nafaka fosforasi nyingi imefungwa ndani ya kitu kiitwacho fitati, na tumbo la kuku haliwezi kuifungua yote. Uchachu huifungua sehemu yake kabla haijafika mdomoni. Gunia la dukani sijaliacha kabisa. Nalinunua kwa ajili ya vifaranga, kwa sababu wao sithubutu kuwakadiria.

Jambo moja nawaomba wanaotaka kujaribu wanisikilize vizuri. Msiwape mahindi yaliyoota ukungu mkidhani ndoo itayasafisha. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, haiondoki kwa kuloweka. Mwaka 2004 watu zaidi ya 100 walifariki Ukambani kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na kuku ni mdogo kuliko mtu, tena kile anachokula kinaweza kuingia kwenye yai. Mahindi yakinuka uvundo, yatupe. Na chanjo ya kideri itolewe kwa wakati wake. Asidi ya ndoo haizuii kideri. Nimeona boma zima la jirani likiisha kwa siku tano, kuku wakipinda shingo, na hakuna chakula kingewaokoa.

Mama mkwe alirudi Yala mwezi uliopita. Siku ya kuondoka aliniomba maji ya ndoo, aende akaanzishe ya kuku wake tisa. Nilimjazia chupa ya nusu lita, nikaacha nafasi juu, nikamsihi kifuniko asikikaze kwa sababu ya gesi. Alisafiri nayo mapajani kwenye matatu, ameishika wima. Juzi amenipigia simu: ndoo yake imetoa povu siku ya pili, na omena ameiweka kwenye kopo, mbali.