Mwandishi kabla hajaitwa Mwandishi

Mtu wa kwetu akikutana na santuri ya mwaka 1971 iitwayo Mwandishi, kisha akaambiwa kwamba mwenyewe ni mpiga piano Mmarekani mweusi, Herbie Hancock, ni lazima ashangae kidogo. Wakati huo wanamuziki wa bendi yake walikuwa wamechukua majina ya Kiswahili: Buster Williams aliitwa Mchezaji, Billy Hart aliitwa Jabali, Eddie Henderson, ambaye ni daktari kwelikweli, aliitwa Mganga, na Julian Priester akapewa Pepo Mtoto, jina ambalo sidhani kama bibi yangu angeliruhusu litamkwe nyumbani kwake baada ya magharibi. La Hancock, Mwandishi, ndilo ninaloliona lilimkaa sawasawa, kwa sababu alijifunza jazi kwa kuandika.

Alizaliwa Chicago mwaka 1940 na kuanza piano akiwa na umri wa miaka 7, kwa muziki wa Kizungu wa kale uliokwisha kuandikwa wote. Mwezi Februari 1952, akiwa na miaka 11, alipiga sehemu ya kwanza ya konseto ya Mozart, yaani utungo wa piano na okestra, akiwa pamoja na okestra kuu ya mji huo. Jazi ilimjia baadaye, shuleni, alipomwona mwanafunzi wa rika lake akibuni muziki papo hapo bila karatasi mbele yake, jambo ambalo yeye, pamoja na mafunzo yake yote, hakuliweza.

Mwalimu wa jazi hakuwa naye. Alichukua santuri za mpiga piano wa jazi George Shearing, akawa anasikiliza kipande kifupi, anarudisha sindano, anaandika alichokisikia, kisha anatafuta kwenye piano kwa nini sauti zile zilipatana. Kundi la waimbaji wa Hi-Lo's lilimfundisha mengi kuhusu upatanifu wa sauti kwa njia hiyohiyo. Mimi niliyekulia kwenye kwaya, nikisoma solfa ubaoni, niliwahi kujaribu kazi hii kwa simu yenye uwezo wa kupunguza mwendo wa wimbo, na sekunde 20 za muziki zilinimalizia juma zima; sindano ya santuri haina huruma hata hiyo. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kuwa sikio lake lilikuwa kipaji kitupu.

Katika Chuo cha Grinnell, jimboni Iowa, alikwenda kusomea uhandisi wa umeme, lakini muziki ukamvuta hadi akabadili masomo. Aliporudi Chicago mwaka 1960 alipeleka barua mchana na kupiga piano usiku. Kisha, katika majira ya baridi kali, theluji ilimzuia mpiga piano wa Donald Byrd, mpiga tarumbeta aliyekuwa na onyesho Milwaukee, na Hancock akaitwa kushika nafasi hiyo kwa muda. Byrd alimpenda, akamhamishia New York na kuishi naye nyumba moja.

Msaada mkubwa wa Byrd, kwa maoni yangu, ulikuwa ni wa karatasi. Kijana alipojiandaa kurekodi santuri yake ya kwanza, Takin' Off, mwezi Mei 1962, Byrd alimshauri afungue kampuni yake ya kumiliki haki za nyimbo na asizikabidhi kwa wenye studio. Mojawapo ya nyimbo hizo, Watermelon Man, ilizaliwa na kumbukumbu ya mkokoteni wa muuza matikiti katika vichochoro vya Chicago. Mongo Santamaría, mpiga ngoma kutoka Kuba, alipoirudia, ikavuma kote Marekani mwaka 1963, na fedha zikamfikia aliyeiandika. Wanamuziki wetu wangapi wa enzi za santuri waliwahi kuambiwa jambo hilo mapema?

Mwaka huohuo Miles Davis, mpiga tarumbeta mashuhuri wa jazi, alimwita Hancock nyumbani kwake pamoja na mpiga besi Ron Carter na mpiga ngoma Tony Williams, aliyekuwa na miaka 17 tu. Walifanya mazoezi kwa siku kadhaa huku mwenye nyumba akiwasikiliza kwa siri kutoka chumba kingine, kupitia kipaza sauti. Mwishowe aliwaambia waende studio. Hancock akauliza kama maana yake ni kwamba ameingia kwenye bendi, na Miles akamjibu kwa kumuuliza kama hakusikia kwamba wanakwenda kurekodi.