Blauzi ya Panama Kibarazani Kwangu

Mwezi uliopita mgeni mmoja aliyetoka kupanda Kilimanjaro aliniletea blauzi iliyofumuka pale kipande cha kifua kinapoungana na bega, hapa kibarazani ninaposhonea karibu na Soko Kuu la Moshi, nami nikaipokea nikidhani ni kazi ya dakika kumi. Nilipoipindua, niliweka kando hata sare za shule nilizokuwa nimeahidi kuzimaliza jioni ile.

Blauzi za namna hiyo hushonwa na wanawake wa Kikuna, ambao siku hizi jina lao huandikwa Guna, katika visiwa vya Guna Yala vilivyo upande wa Karibi wa Panama, na pambo lake huitwa mola. Sisi mafundi tunapotia kiraka huongeza kitambaa juu ya kitambaa. Wao hufanya kinyume: hupandanisha vitambaa viwili, vitatu au zaidi vya pamba vya rangi mbalimbali, hukata cha juu kwa mkasi ili rangi ya chini ichungulie, kisha hukunja kila ukingo kwa ncha ya sindano na kuushona kwa mkono, kwa uzi wa rangi ya kitambaa, mpaka mshono ufichike. Nililazimika kuvaa miwani ndipo niuone.

Kifuani palikuwa na mtumbwi uliojaa nazi, zao ambalo Waguna wamekuwa wakiwauzia wafanyabiashara wa mashua kutoka Kolombia, na mwanamke akipiga kasia. Mgongoni palikuwa na mtumbwi uleule, ila nazi zimepungua na samaki amejitokeza chini yake. Vipande vya doti ya kanga hufanana kabisa. Vya mola ni ndugu, si mapacha, na kwangu huo ndio utamu wake. Mola nyingine huonyesha uvuvi, au kiongozi wa kijiji akiimba akiwa amejilaza kwenye machela ndani ya nyumba ya mikutano.

Vazi hili limepiganiwa pia. Serikali ya Panama ilipowashurutisha wanawake waache mola na pete za puani, Waguna waliasi mwezi Februari 1925.

Nilimtoza mgeni bei ya bega tu. Uzi wangu haukulingana sawasawa na wekundu ule. Kwa nje hauonekani, lakini atakayeipindua atauona.