Fomula moja, vitu viwili

Jana usiku nilikuwa namwelekeza mdogo wangu wa kidato cha nne kemia ya kaboni. Amekariri C₂H₆O ni etanoli (ile alkoholi ya kwenye pombe), basi. Nikamchorea mara mbili: CH₃CH₂OH, halafu CH₃OCH₃ (dimethili etha). Atomu zilezile, idadi ileile! Ya kwanza ni kimiminika, inachemka kwenye nyuzi 78. Ya pili ni gesi hata kwenye nyuzi sifuri, maana oksijeni imekaa katikati, hakuna ile OH ya kushikana na molekuli jirani. Akanyamaza, akachukua kalamu, akaizungushia OH duara.

Mimi nilikariri miaka yote bila kuchorewa hivi, na inaniuma. Walimu, wachoreeni watoto jamani!

Asubuhi kanifuata na chupa ya siki: "Dada, humu ndimo kuna COOH, lile kundi la asidi?"

Ndimo.