Hamali wa ndani ya seli

Jana usiku nilikuwa namsaidia mpwa wangu wa kidato cha sita kurudia baiolojia, tukaishia kuangalia video za kinesini mpaka bando likakata. Jamani! Protini hii ina miguu miwili na inatembea kweli. Inapita juu ya maikrotubuli, yaani vijibomba vyembamba vilivyo kama reli ndani ya seli, mguu wa nyuma unaupita wa mbele, kila hatua nanomita 8, na kila hatua inakula molekuli moja ya ATP, nishati ya seli. Mzigo iliobeba ni mkubwa kuliko yenyewe mara nyingi, kama hamali wa Kariakoo na gunia lake. Iligunduliwa mwaka 1985 kwenye neva za ngisi. Ngisi huyuhuyu tunayemkaanga!

Sasa fikiria neva inayotoka karibu na uti wa mgongo hadi kidole cha mguu: karibu mita nzima, na ni seli moja tu. Protini nyingi zinatengenezwa huko juu, kwa hiyo lazima zisafirishwe. Mizigo ya haraka huenda milimita 200 hadi 400 kwa siku, yaani siku mbili na nusu hadi tano kufika chini.

Kurudi juu ni kazi ya protini nyingine, dainini. Mpwa akauliza, "Mjomba, na virusi havidandii?" Vinadandia. Kirusi cha kichaa cha mbwa hupanda kwa njia hiyo kutoka kwenye jeraha kuelekea ubongoni, ndiyo maana ukiumwa na mbwa unaosha kidonda kwa sabuni na maji tiririka dakika 15, halafu unakimbilia chanjo siku hiyohiyo, hata kama amekuuma kisigino tu.