Nimerudi Mbagala, na wa kwanza kulipwa ni mpiga vumi

Tangu nirudi Mbagala, Dar es Salaam, swali ninaloulizwa zaidi ni moja: "Miaka yote hiyo Ulaya, umerudi kufungua ngoma?" Wanaouliza hawana nia mbaya, na wengine ni mashangazi zangu. Huku kwetu aliyetoka akarudi anategemewa afungue duka la vifaa vya ujenzi, aingize daladala barabarani, au ajenge vyumba vya kupangisha. Mimi nimepanga ghala lililokuwa la kuhifadhia nazi, nikaliwekea sakafu ya mbao, nikaajiri wapiga ngoma. Barabarani jibu langu huwa fupi mno, kwa hiyo naliandika hapa kwa kirefu, hasa kwa yeyote anayefikiria kurudi na fani ambayo ndugu zake hawaioni kuwa kazi.

Ngoma niliisomea. Nilipita Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanzishwa 1981, ambacho tangu 2007 kinajulikana kama TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Pale hukuachwa ubaki na ngoma ya kwenu. Mimi ni binti wa Kimakonde niliyezaliwa Mbagala, lakini nilitoka jasho kwa bugobogobo ya Wasukuma, jembe likirushwa na kudakwa, na nilikaa kwenye safu ya muheme ya Wagogo, ambako wapigaji ni wanawake na ngoma hubanwa mapajani. Uswidi ilikisaidia chuo kile kwa muda mrefu, wasanii wakawa wanaenda na kurudi, na njia hiyo ndiyo iliyonifikisha Göteborg.

Kule nilifundisha watoto kwenye shule za utamaduni za manispaa, zile ambazo mtoto huenda akishatoka darasani, akajifunze fidla, kuchora au kucheza. Jioni nilikuwa na watu wazima, kupitia vyama vya elimu vinavyopata ruzuku ya serikali. Nilikuwa na mkataba, likizo ya malipo na pensheni. Ukiumia goti unalala nyumbani na fedha inaingia. Nayasema haya kwa heshima, maana kule ndiko nilikoona kwa macho yangu kuwa mwalimu wa kucheza ni mfanyakazi sawa na mwalimu wa hesabu, na ana haki ya kujua mwezi ujao atakula nini.

Kitu kimoja sikukizoea. Bajeti ya darasa ilimtosha mwalimu, mara chache ikamtosha na mpigaji. Basi sindimba, ngoma yetu Wamakonde ya kuzungusha kiuno, niliifundisha kwa spika. Wanafunzi walikuwa na bidii, walihesabu moja mpaka nane, hatua zikakaa sawa. Lakini ngoma ya kwenye spika haikuoni. Mpigaji aliye hai anakutazama miguu: akiona umelegea anakushikilia, akiona umepamba moto anakupandishia, na akitaka mgeuke anapiga mwito mnageuka, hakuna anayehesabu. Mwanafunzi aliyelelewa na spika anazijua hatua zote na bado hajui aanze lini. Kila mwaka hilo lilizidi kuniuma.

Tarehe 10 Desemba 1962, siku moja baada ya nchi kuwa jamhuri, Mwalimu Nyerere alilihutubia Bunge akatangaza wizara mpya ya utamaduni wa taifa na vijana. Alisema wengi wetu tumejifunza rumba, chachacha, twist na foxtrot, kisha akauliza ni wangapi wanaoweza kucheza, au waliowahi hata kusikia, gombe sugu, mangala, kiduo au lelemama. Kikundi cha ngoma cha taifa kilizaliwa katika miaka hiyo, na baadaye chuo. Najivunia historia hiyo, bila hiyo nisingekuwa na fani. Ila jukwaa lina tabia zake. Ngoma iliyokuwa duara ikanyooshwa mistari, wachezaji wakaelekezwa kwa mgeni rasmi, na shughuli ya usiku kucha ikabanwa dakika tano za kumpokea waziri. Kizazi changu kilifundishwa ngoma ya namna hiyo. Niliporudi nilijiwekea sharti kwamba ukumbi wangu hautakuwa na mbele. Hakuna kioo wala jukwaa. Mpigaji anakaa, na duara linaanzia kwake.

Mbagala iko kwenye Barabara ya Kilwa, njia ya kwenda Kusini, na watu wa Lindi na Mtwara wamejaa hapa, pamoja na Wazaramo ambao ndio wenyeji. Ukitaka sindimba, anayeijua anauza vitumbua mtaa wa pili. Ukitaka mdundiko, ngoma ya Kizaramo ya kutembea nayo, kuna wazee walioutembeza barabara hizi wakiwa vijana, ngoma mbele, mtaa mzima nyuma. Na watoto wanacheza singeli, muziki wa kasi wa mitaa ya Dar, mapigo zaidi ya 200 kwa dakika, miguu yao huishiki kwa macho. Sijawahi kupata wanafunzi wepesi kama hawa popote. Siku mzee wetu wa vumi, ngoma kubwa ya sauti nzito, alipokaa akaisikiliza singeli kwa makini, aliniambia anausikia mchiriku, muziki wa mtaani uliotangulia singeli, ndani yake, na ndani ya mchiriku anazisikia ngoma za Kizaramo alizopiga kabla vinanda vya Casio havijaingia. Yuko sahihi, na hilo ndilo limekuwa somo la kwanza la kila kundi jipya. Tunaanza na singeli wanayoijua. Mzee anaidaka kwa mkono wake, anaipunguza kidogo kidogo, mpaka wanajikuta wako kwenye mdundiko na bado wanacheza. Hapo hakuna mtoto anayehitaji kuelezwa kwamba ngoma za babu zake ni zake.

Fedha nyingi niliyorudi nayo imelala sakafuni. Ghala lilikuwa la zege, na zege ni adui wa mchezaji. Udongo wa uwanja wa kijijini unakunywa kishindo cha mguu, zege linakirudisha kwenye muundi na goti. Kwa hiyo tulilaza vipande vya raba vilivyokatwa kwenye matairi chakavu, juu yake mbao za mbili kwa nne za paini kutoka Mafinga, zilizopigwa dawa ya mchwa, matabaka mawili yakapishana, kisha plaiwudi nene. Fundi seremala hakuelewa kwa nini nataka sakafu inayonesa wakati yeye maisha yake yote amelipwa kuizuia isinese. Ilipokwisha aliruka juu yake na viatu vyake vya kazi, akanyamaza, akaruka tena. Wiki iliyofuata alimleta mwanawe kuandikishwa.

Germaine Acogny, mama wa ngoma za kisasa za Kiafrika, alipoanzisha shule yake ya kucheza, École des Sables, kijijini Toubab Dialaw, Senegal, mwaka 1998, alijenga pia ukumbi wa sakafu ya mchanga. Kabla ya hapo alikuwa ameongoza shule nyingine ya kucheza, Mudra Afrique, mjini Dakar kuanzia 1977, nayo ikafungwa 1982. Namtaja kwa sababu wengi tunaorudi tunadhani kituo kikifa na mwalimu kafa. Yeye alianza upya, tena kijijini, na wachezaji wa Afrika nzima wakamfuata huko. Ningekuwa na eneo ningeweka mchanga. Kwenye ghala lililobanwa na nyumba pande tatu, mbao zinatosha.

Sasa jambo lenyewe lililonirudisha. Huku mpiga ngoma analipwa kwa kutunzwa, soda na nauli. Mtu anapiga harusini usiku kucha, viganja vimevimba, asubuhi anaondoka na kile kilichobaki kwenye kofia. Watoto wake wanaona, na hakuna hata mmoja anayetaka kurithi. Kisha tunakaa kwenye makongamano tunalia kwamba utamaduni unapotea. Unapotea kwa sababu haulipi kodi ya chumba! Ukumbini kwetu mtoto analipa buku, shilingi elfu moja, kwa kipindi, mtu mzima zaidi ya hapo, na fedha ikiingia wa kwanza kulipwa ni mpiga vumi, wa pili mpiga chapuo, ile ngoma ndogo, halafu bibi wa sindimba, halafu kodi ya ghala na umeme, halafu mimi. Kuna miezi haikunifikia. Kwao haijawahi kukosekana, na haitakosekana nikiwa hai na nina pa kukopa.

Kipindi cha saa kumi huanza saa tisa na nusu, nje, kwenye moto. Mpiga chapuo anawasha maboksi na makuti, anaielekeza ngozi kwenye mwali, anaigonga kwa kidole, anaizungusha, anagonga tena. Msimu wa mvua ngozi hushika unyevu na kazi hiyo huchukua muda mrefu. Malipo yake yanahesabiwa kuanzia pale kwenye moto. Watoto wanaowahi huchuchumaa karibu naye kusikiliza ngozi ikiiva, na wapo ambao sasa wanaweza kumwambia, "Babu, bado," naye akagonga, akatikisa kichwa na kuirudisha motoni.

Bibi wa vitumbua nilimfuata kwake, nikapiga hodi, nikatoa shikamoo, nikaeleza haja yangu. Akauliza, "Mimi nikafundishe, na wewe ndiye uliyesoma?" Nikamjibu, "Bibi, mimi nilisoma ya jukwaani. Ya nyumbani unayo wewe." Alikuja akakaa kwenye mkeka, akatazama. Kulikuwa na binti wa darasa la saba aliyekuwa akijitahidi sana, kiuno kinakwenda kwa nguvu, uso umekunjamana. Bibi akainuka, akamshika magoti kwa mikono yake miwili. "Mjukuu wangu, kiuno hakisukumwi. Kunja goti. Kanyaga kisigino. Sasa kiache." Mzee akampa mwito, binti akakanyaga, na kiuno kikazunguka chenyewe, laini, bila haraka. Uso ukafunguka. Hatua ile niliisomea Bagamoyo kwa muhula mzima, na sijasikia mtu akiieleza kwa maneno machache hivyo.

Bibi huyo ni kungwi pia, na tulikubaliana tangu mwanzo kwamba ya unyagoni yanabaki unyagoni. Nimeona kwenye vigodoro, zile sherehe za mtaani za usiku, na kwenye simu za watu, mauno ya wakubwa yakichezwa na watoto mbele ya umati unaorekodi. Kiuno sikionei haya. Kimo ndani ya ngoma zetu na sitakificha kwa ajili ya mgeni yeyote. Lakini kila ngoma ina wakati wake na watu wake, na mtoto wa miaka tisa si mtu wa kila ngoma. Kwetu watoto wanavaa suruali au kanga juu ya nguo, kibwebwe kinakazwa, na simu zote zinabaki kapuni mlangoni, za wazazi pia. Shirika moja lilitaka tuwavalishe watoto ngozi za wanyama na kuwapaka chokaa usoni kwa ajili ya video, mtaani ambako hakuna aliyewahi kucheza hivyo. Nilikataa, fedha hiyo tukaikosa, na ningekataa tena kesho.

Wazazi walikuja taratibu. Wengi hapa ni Waislamu na watoto wana chuo, kwa hiyo ratiba niliipanga pamoja na ustadhi: hakuna kipindi kinachogongana na madrasa, adhana ikiingia ngoma inanyamaza, na Ramadhani nzima hatupigi. Baba mmoja alinijia amewaka, "Mwanangu atakula ngoma?" Nilimkalisha, nikamfungulia daftari la malipo, akaona nani analipwa nini na sahihi zao. Hakusema amekubali. Mtoto anaendelea kuja.

Karatasi ni nyingi ila zinawezekana. Unajisajili Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, lililoundwa kwa sheria ya 1984. Serikali ya mtaa inataka kukufahamu kabla hujapiga pigo la kwanza, na afisa utamaduni wa manispaa mtembelee mapema, usingoje siku ya matatizo. Ile mikopo ya halmashauri isiyo na riba, asilimia 4 ya mapato yake ya ndani kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, watu wanadhani ni ya bodaboda na kuku tu. Kina mama wanaotushonea mavazi wamejiunga kikundi na wameomba kwa ushonaji wao. Ukumbi wa ngoma ukisimama, kuna cherehani, kuna mchonga ngoma, kuna muuza ngozi, kuna mama wa vitumbua, wote wanakula.

Wapo vijana ambao sasa wananisaidia kufundisha, na kila mmoja analipwa kwa kipindi, kiasi kidogo, kwa daftari na sahihi kama wakubwa. Ninachokitafuta sasa ni mpigaji wa tatu: kijana atakayekaa ubavuni mwa mzee wa vumi na alipwe akiwa bado anajifunza. Mzee ana nguvu, lakini bega la kulia limeanza kumsumbua, na mengi anayoyajua yako mikononi mwake tu. Kama nyumbani kwako kuna kijana anayegonga meza, ndoo na milango mpaka mnamgombeza, awe mvulana au msichana, mlete Jumamosi saa tisa na nusu, wakati wa moto. Ukifika stendi ya Rangi Tatu ulizia kwa Mwalimu wa ngoma, utaelekezwa. Ada halipi.