Hati yenu iko wapi?

Swali hili niliulizwa na bibi mmoja muuza mawese, na tangu siku hiyo sijaingia kijiji chochote kufuatilia fedha za umma bila kulikumbuka.

Ilikuwa Novemba 2021. Asasi yetu ndogo, yenye ofisi ya vyumba viwili pale Mwanga, Kigoma mjini, ilikuwa imepata ruzuku ya wafadhili wa Ulaya ili ifuatilie matumizi ya fedha za serikali vijijini. Wakati ule madarasa yalikuwa yanajengwa nchi nzima kwa zile fedha za UVIKO, mkopo wa trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa, na kila darasa lilipangiwa milioni 20. Sekondari ya kata tuliyokwenda, ambayo sitaitaja, ilipata madarasa mawili. Milioni 40, kwa utaratibu wa fosi akaunti: hakuna mkandarasi, wananchi wanaunda kamati, hawa wananunua, hawa wanapokea vifaa, fundi anajenga.

Tulishuka kwenye Noah tukiwa na fulana zenye nembo ya mfadhili na katoni mbili za maji. Nilisimama nikazungumza karibu saa nzima. Niliwaambia kuwa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inaipa ofisi ya umma siku 30 za kumjibu mwananchi aliyeomba taarifa. Niliwaambia mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kuitishwa kila miezi mitatu, na mapato na matumizi yasomwe hadharani. Walinisikiliza kwa adabu. Nilipouliza kama kuna mwenye neno, bibi yule akainuka, khanga kaifunga kiunoni.

"Mwanangu, umesema vizuri. Sasa ninyi mmepewa shilingi ngapi za kuja kutuuliza habari za saruji? Na hati yenu iko wapi?"

Mratibu wetu alijibu kwamba taarifa zetu zote ziko kwa msajili wa asasi. Hakudanganya. Kanuni za asasi za mwaka 2018 zinaitaka asasi inayopata zaidi ya milioni 20 itangaze fedha hizo kwa umma, na sisi tulikuwa tumetimiza kila kinachotakiwa. Lakini bibi alimtazama, akamshukuru, akakaa. Baada ya hapo hakuna aliyefungua mdomo. Tulirudi mjini na orodha ya mahudhurio yenye saini 46 na bila taarifa hata moja.

Njiani sikusema kitu. Mimi ni mtu wa Ujiji, nimekulia kwenye soko, na najua mtu akikutazama vile amekuhesabu tayari.

Tulibishana ofisini siku mbili. Wenzangu waliogopa kwamba watu wakiona mishahara yetu watatuchukia. Mimi nilisema wameshatuhesabia zaidi ya hiyo, kwa kuwa kisichosemwa hukuzwa. Mwisho tulikubaliana. Nikanunua karatasi za manila, nikaandika kwa kalamu nene: ruzuku ya mwaka milioni 38, imetoka kwa nani, mishahara kiasi gani, kodi ya ofisi, mafuta, semina, posho ya siku elfu 60 kwa mtumishi. Tukarudi kijijini tukaibandika kwenye ubao wa matangazo, juu ya tangazo la chanjo ya mifugo lililokuwa limeshapauka.

Watu walijaa pale ubaoni hadi jua likazama. Kijana mmoja wa bodaboda alikuwa anawasomea wazee mstari kwa mstari. Alipofika kwenye posho akageuka akaniambia, bila hasira, "Dada, siku zako mbili hapa ni mifuko mitano ya saruji." Ilikuwa kweli, maana mfuko mmoja risiti ziliandika elfu 24. Ilinichoma na bado inanichoma. Tulimwandikia mfadhili kuomba posho zetu zipunguzwe na fedha hiyo iwe nauli ya wanakamati, na alikubali. Nasema hili kwa uchungu: hakuna mfadhili aliyewahi kutukataza kuonyesha bajeti yetu kijijini. Tulijikataza wenyewe.

Wiki iliyofuata bibi alinipigia kwa simu ya mjukuu wake. "Njoo, na usije na gari."

Nilikwenda na bodaboda. Alikuwa mjumbe wa kamati ya mapokezi, hilo hakuwa amelisema siku ya mkutano. Alinipeleka kwenye stoo ya shule, akafungua mlango wa mbao, akauvuta hadi mwanga ukauangukia upande wa ndani. Ubao wote ulikuwa na mistari ya mkaa. Mistari minne imesimama, wa tano umelala juu yake, kama tulivyokuwa tunahesabu mafungu ya kuni utotoni. Bibi hajui kusoma vizuri. Kila mfuko wa saruji ulioshushwa alichora mstari, na alikuwa amekaa pale kila gari lilipokuja, hata siku ya mvua kubwa ambayo fundi mwenyewe alikimbilia kwa mwalimu. Tulihesabu wote wawili, yeye kwa kidole, mimi kwa daftari. Vifungu 53 na mistari mitatu. Mifuko 268.

Tuliandika barua ya kuomba nakala za hati za mapokezi. Siku ya 27 zikatoka. Zilisema mifuko 340. Na chini ya kila hati, mbele ya jina la bibi, palikuwa na saini nzuri ya kalamu ya bluu, yenye mkia mrefu. Nilipomwonyesha aliicheka kwanza, kisha akanyamaza. Yeye hasaini. Tangu azaliwe ameweka dole gumba.

Mifuko 72 kwa elfu 24 ni milioni moja, laki saba na elfu 28. Wapo wanaosema hicho ni kidogo, ukilinganisha na mabilioni tunayosoma kila Aprili ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, inapoingia bungeni. Mimi sikubali. Ile ndiyo sakafu ya darasa moja kati ya yale mawili, ambalo watoto waliingia Januari wakakalia vumbi.

Watu hudhani asasi kama yetu inachunguza kama polisi. Hatuna mamlaka ya kumkamata mtu wala kumlazimisha aseme. Tunachoweza ni kuweka karatasi kando ya kitu chenyewe na kuuliza mbona havifanani. Kuanzia hapo ni kazi ya TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, na hata wao, kwa sheria ya mwaka 2007, makosa mengi hawawezi kuyafikisha mahakamani bila kibali cha Mkurugenzi wa Mashtaka. Tulikabidhi nakala zote, pamoja na picha ya ule mlango. Kwenye fomu ya mfadhili palikuwa na kisanduku cha "kesi zilizoibuliwa". Niliandika 1, nikabaki nimeitazama ile moja.

Mradi wetu uliisha katikati ya 2023. Mwaka 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na asasi ambazo hazikuwa na mfadhili mwingine zikafunga milango. Rafiki zangu wengi wa kazi hii sasa wanauza dagaa na vocha. Mimi naendelea kwa kujitolea, nauli yangu mwenyewe, na bado ninabandika manila, siku hizi ikiwa na mistari miwili tu.

Lakini nilitaka kusimulia jioni moja ya Machi 2022. Fuso lilifika shuleni giza likianza kuingia, likiwa na mifuko ya saruji, bila mtu wa halmashauri. Dereva alisema ametumwa ashushe tu. Mwalimu alifurahi, mafundi wakaanza kuvua mashati. Bibi akaitwa aje apokee. Nilikuwepo. Nami nilifurahi, siwezi kuficha, nilishakuwa napanga namna ya kuiandika kwenye ripoti.

Bibi aliizunguka ile gari mara moja. Akamuuliza dereva saruji imetoka kwa nani. Dereva hakujua. Akamwomba hati. Hakuwa nayo. Akakaa kwenye kizingiti cha stoo, mgongo ameuegemeza kwenye mlango wenye mistari yake, kipande cha mkaa mkononi.

"Mwambie aliyekutuma alete karatasi," alisema. "Mimi sichori mfuko usio na mwenyewe."